Kuzuru mashamba ya Waamishi: Mambo ambayo mtalii anafaa kujua

MTALII anayeabiri treni jijini Philadelphia, Marekani, akielekea magharibi hufika mji wa Lancaster baada ya safari ya muda wa saa moja na dakika chache. Kabla ya kufika, dirishani huanza kuonekana mambo ambayo hayatarajiwi katika nchi inayosifika kwa mashine. Mwanamume mwenye ndevu na kofia pana ya nyasi anaongoza plau inayokokotwa na wanyama. Nguo za rangi ya samawati, zambarau na nyeusi zimeanikwa kwenye kamba ndefu inayopanda kutoka ukumbini hadi juu ya mlingoti. Kigari cha kijivu kinachovutwa na farasi mmoja kinakwenda ukingoni mwa barabara ya lami, huku malori yakikipita.

Hapa ni Kaunti ya Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, palipo na makao makubwa zaidi ya Waamishi ulimwenguni. Mamilioni ya wageni huizuru kaunti hii kila mwaka, na wengi wao huja kuwatazama watu hao. Jambo ambalo vijitabu vya utalii husita kulisema waziwazi ni kwamba Waamishi hawakuwaalika. Mandhari inayosifiwa haikupandwa ili ipendeze macho ya mgeni. Ni matokeo ya kanuni za kanisa zinazofuatwa shamba kwa shamba, na mgeni asiyezijua kanuni hizo huona nusu tu ya kile alichokifuata.

CHIMBUKO

Historia ya Waamishi inaanzia mjini Zürich, Uswisi, mnamo 1525. Huko, kikundi cha Wakristo kilishikilia kwamba ubatizo wa watoto wachanga haufai, na kwamba anayestahili kubatizwa ni mtu mzima aliyeamua mwenyewe. Wakabatizana upya. Kwa kosa hilo waliandamwa na serikali pamoja na makanisa makuu ya wakati huo. Wengine walichomwa moto, na wengine walizamishwa mitoni. Waliosalia walikimbilia milimani na mashambani, na tangu hapo kilimo kikawa kimbilio lao. Baadaye wengi wao walikuja kuitwa Wamennonite, kwa jina la kiongozi wao mmoja, Menno Simons wa Uholanzi.

Mwaka wa 1693, mzee wa kanisa aliyeitwa Jakob Ammann alitofautiana na wenzake wa Uswisi na Alsace. Suala kuu lilikuwa ni vipi atendewe mtu aliyevunja ahadi ya ubatizo wake. Ammann alitaka atengwe hata mezani, asile pamoja na waumini, na wenzake waliliona hilo kuwa kali mno. Waliomfuata Ammann ndio wakaitwa Waamishi.

Pennsylvania ilikuwa koloni iliyoasisiwa na William Penn, mtu aliyeahidi uhuru wa kuabudu. Waamishi walianza kuhamia huko katika karne ya 18. Meli inayokumbukwa sana ni Charming Nancy, iliyowafikisha wengi wao mwaka wa 1737. Waliobaki Ulaya walimezwa polepole na makanisa mengine, na kanisa la mwisho la Waamishi huko, nchini Ujerumani, liliungana na Wamennonite mwaka wa 1937. Leo Waamishi wanapatikana Marekani na Kanada pekee, au karibu pekee.

Mtu angedhani kwamba jamii ya namna hii inafifia. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa maelfu machache tu, na kufikia mwaka wa 2024 idadi yao ilikuwa imepita 400,000. Huongezeka maradufu kila baada ya miaka 20 hivi. Sababu ni mbili: familia huwa na watoto wengi, na wengi wa watoto hao huamua kubatizwa na kubaki. Nyumbani wanazungumza lahaja ya Kijerumani ambayo Wamarekani huiita kimakosa "Kiholanzi cha Pennsylvania". Kanisani hutumia Kijerumani cha kale cha Biblia, na shuleni Kiingereza.

KANUNI NDIZO ZINAZOCHORA MANDHARI

Wengi hudhani kwamba Waamishi wanachukia teknolojia. Dhana hiyo inapotosha. Kifaa kipya kinapozuka, wao huuliza swali ambalo sisi wengine tumelisahau: kitaifanya nini jamii? Kila kanisa, ambalo huwa na familia 25 hadi 40, lina kanuni zake zinazoitwa Ordnung, nazo hukubaliwa na waumini kabla ya Meza ya Bwana inayofanywa mara mbili kwa mwaka. Askofu, wahubiri na shemasi huchaguliwa kwa kura kama ilivyo katika Matendo ya Mitume. Hawalipwi mshahara wala hawasomei chuo cha theolojia.

Gari ni mfano mzuri. Mwamishi haruhusiwi kulimiliki, lakini anaweza kupanda gari la mwingine na hata kumlipa dereva ampeleke mbali. Sababu ni kwamba mwenye gari lake mlangoni huondoka apendapo, akafanya kazi mbali, akala mbali, na mwishowe jirani yake akawa si jirani tena. Farasi hawezi kumfikisha mtu mbali kiasi hicho. Kwa hivyo mashamba yamebaki karibukaribu, shule za chumba kimoja zimetawanyika ili watoto wafike kwa miguu, na nyumba zina sebule pana kwa sababu ibada hufanyiwa humo wala si katika jengo la kanisa.

Shambani hali ni hiyo hiyo. Trekta huweza kuonekana karibu na banda ikiendesha mashine nyingine, lakini haiingii shambani kulima. Kazi hiyo inafanywa na farasi wakubwa au baghala, yaani wale wazaliwao kwa punda na farasi; msomaji asiwachanganye na nyumbu wa Maasai Mara. Anayelima kwa wanyama hawezi kumiliki mamia ya ekari. Ndiyo maana mtalii akisimama kilimani huona vipande vidogo vya mahindi, tumbaku na majani ya ng'ombe vimepangana kama vitambaa vilivyoshonwa pamoja. Mshonaji wa mandhari hiyo ni kanuni iliyokataza trekta.

Umeme nao haukatazwi kwa kuwa ni umeme. Kinachokatazwa ni kuunganishwa na nyaya za kampuni, kwa sababu waya huo huja na redio, televisheni na mengine yote. Betri hukubaliwa kwa kiasi fulani, jokofu huendeshwa kwa gesi, na mashine za useremala huendeshwa kwa hewa iliyoshinikizwa. Siku hizi mabamba ya kunasa miale ya jua yameanza kuonekana kwenye mapaa. Simu mara nyingi huwekwa katika kibanda kidogo nje, kikashirikiwa na familia kadhaa, ili isiyakate mazungumzo mezani. Baiskeli haziruhusiwi Lancaster, na badala yake watu hutumia kigari cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu. Lakini huko Indiana baiskeli ni kitu cha kawaida, na katika Kaunti ya Holmes, Ohio, baadhi ya makanisa yamekubali hata baiskeli za umeme! Mgeni asishangae anapoona tofauti hizi; kila kanisa hujiamulia.

Kutokana na hayo, kuna njia rahisi ya kuitambua nyumba ya Mwamishi bila kumsumbua mtu. Mtalii atazame kama kuna waya unaotoka kwenye nguzo ya umeme kuingia ndani. Kama haupo, na madirisha yana mapazia ya kijani yasiyo na nakshi, huenda amefika.

SUALA LA PICHA

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Waamishi hupinga kupigwa picha wakiwa wamesimama mbele ya kamera, na wana sababu mbili. Ya kwanza ni amri ya Kutoka 20:4 inayokataza sanamu za kuchonga na mifano ya vitu. Ya pili, ambayo wao huisisitiza zaidi, ni kwamba picha humkuza mtu mmoja juu ya wenzake, na majivuno ndiyo dhambi wanayoiogopa kuliko nyingi. Kupiga picha ya shamba, daraja au kigari kikiwa mbali na sura za watu hazionekani hakuleti ugomvi. Kumfuata mama na watoto wake sokoni ukiwa umeinua simu ni ukosefu wa adabu, hata kama hakuna atakayekukaripia. Hawatakukaripia. Wataugeuza uso tu.

Msomaji wa Kenya anaielewa hali hii kuliko watalii wengi. Tumeona kwa miaka mingi jinsi sura ya morani wa Kimaasai ilivyochapishwa kwenye postikadi na matangazo ya hoteli bila mwenye sura kuulizwa. Tofauti ni kwamba Mwamishi hataki hata malipo ya picha hiyo.

Utalii wa kuwatazama Waamishi ulishika kasi mwaka wa 1955, wakati mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uitwao Plain and Fancy ulipoonyeshwa Broadway, New York. Mwaka huo huo, Amish Farm and House ilifunguliwa kando ya barabara kuu ya Lincoln, mashariki mwa Lancaster, ili wageni waone nyumba na shamba la Waamishi bila kubisha hodi kwa watu. Kisha mwaka wa 1985 ikaja filamu ya Witness, iliyoongozwa na Peter Weir na kuigizwa na Harrison Ford, ambayo ilipigwa Lancaster kwenyewe. Waamishi waliipinga, watalii wakazidi.

Tukio lililoyapima mambo haya kwa uchungu zaidi lilitokea Oktoba 2, 2006. Mwanamume ambaye hakuwa Mwamishi aliingia na bunduki katika shule ya chumba kimoja huko Nickel Mines, kusini mwa kaunti hiyo. Aliwafyatulia risasi wasichana kumi na kuwaua watano, kisha akajiua. Siku hiyo hiyo, baadhi ya Waamishi walifika kwa jamaa za muuaji kuwafariji, na baadaye wengine wakahudhuria mazishi yake. Waandishi wa habari walifurika vijijini kutoka pande zote za dunia. Sisi wa kazi hii hatuna budi kukiri kwamba kamera zetu zilikuwa mzigo juu ya msiba. Siku kumi baadaye, wenyeji waliibomoa shule hiyo na kupageuza malisho, ili pasiwe mahali pa kuzuriwa. Shule nyingine, iliyopewa jina la New Hope, ilijengwa karibu na hapo na kufunguliwa mwaka uliofuata. Bado wapo watalii wanaouliza njia ya kwenda Nickel Mines. Hakuna cha kuona, na ndivyo wenyeji walivyotaka.

PA KWENDA

Barabara inayofaa zaidi ni Old Philadelphia Pike, yenye nambari 340, inayopitia vijiji vya Bird-in-Hand na Intercourse. Jina la kijiji hiki cha pili huwachekesha wanaojua Kiingereza, nao hupigana picha kando ya kibao chake. Kilipewa jina hilo mwaka wa 1814, wakati neno lenyewe lilikuwa na maana pana ya maingiliano ya watu. Vijiji hivi vimejaa maduka ya watalii, mengine yakiuza vitu visivyohusiana na Waamishi kwa namna yoyote isipokuwa picha ya kigari kwenye karatasi ya kufungia.

Kilicho bora kimo katika barabara ndogo zinazochepuka kaskazini na kusini. Malangoni mwa mashamba utaona vibao vilivyoandikwa kwa mkono: mayai, viazi, kwilti, sharubati ya mizizi. Hapo umealikwa. Simama, nunua, sema na mwenye duka. Mazungumzo mafupi kuhusu mvua na bei ya maziwa yana thamani kuliko ziara ya basi. Jina la Stoltzfus utalikuta kwenye vibao vingi mno. Ni kwa kuwa jamii nzima imetokana na koo chache.

Kwilti ni mablanketi ya vitambaa vilivyokatwa vipande na kushonwa kwa mkono, kazi ambayo huweza kuchukua miezi. Bei yake ni mamia ya dola, na zilizo bora hupita elfu moja. Anayetaka kuziona nyingi pamoja aende kwenye minada ya kuchangisha fedha za vikosi vya wazimamoto wa kujitolea, inayofanyika kuanzia mwisho wa Februari hadi majira ya kuchipua. Wenyeji huiita minada ya matope, kwa sababu theluji inapoyeyuka uwanja hugeuka tope. Huuzwa farasi, samani, plau, kwilti na vyakula. Mwamishi na jirani yake asiye Mwamishi hushindana bei bega kwa bega, nao ni majirani wanaozima moto pamoja. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo siku bora ya kuijua Lancaster, mradi mgeni avae viatu vya mpira.

Mjini Lancaster kuna Central Market, soko ambalo limekuwa likiendeshwa tangu 1730, na jengo lake la matofali mekundu lilijengwa mwaka wa 1889. Hufunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Huko Strasburg kuna reli iliyopewa hati mwaka wa 1832. Injini zake za mvuke hupita katikati ya mashamba hadi kijiji cha Paradise na kurudi. Anayependa historia atafute Hans Herr House, nyumba ya mawe ya Wamennonite iliyojengwa mwaka wa 1719. Yapo pia madaraja ya mbao yaliyoezekwa paa, zaidi ya 20 katika kaunti.

Kuhusu chakula, mgeni aende na njaa. Kuku wa kukaanga, tambi za mayai, viazi vya kuponda na pai ya molasi iitwayo shoofly huletwa mezani kwa bakuli kubwa za kugawana. Kuna pia scrapple, ambayo ni mabaki ya nyama ya nguruwe yaliyopikwa na unga wa mahindi, yakaachwa yagande na kukaangwa; Mkenya ataitambua kama binamu wa kiporo cha ugali. Waislamu waangalie: nyama na mafuta ya nguruwe vimeenea katika mapishi ya huku, hata katika baadhi ya maandazi. Ni vyema kuuliza.

Asiyependa msongamano wa barabara ya Lincoln afikirie Kaunti ya Holmes, Ohio, yenye makao ya pili kwa ukubwa. Vilima vyake ni vya juu zaidi na vigari vyake ni vyeusi. Mjini Berlin kuna mchoro mkubwa wa mviringo uitwao Behalt, kazi ya Heinz Gaugel iliyokamilika mwaka wa 1992, unaosimulia historia ya watu hawa tangu Zürich. Kule Kidron lipo duka la Lehman's, lililofunguliwa mwaka wa 1955, linalouza taa, majiko na vyombo visivyohitaji umeme.

ARDHI INAPUNGUA

Tishio kubwa kwa mandhari ya Lancaster ni bei ya ardhi. Watalii huleta hoteli na maduka, miji inatanuka, na familia zenyewe zinazidi kuongezeka. Baba mwenye wana watano hawezi kuwagawia shamba la ekari 60. Ndiyo maana sehemu kubwa ya wanaume wa Lancaster leo si wakulima tena bali ni maseremala, wajenzi na wenye karakana, na familia nyingine zimehamia majimbo yenye ardhi nafuu. Kaunti na mashirika ya hifadhi yamenunua haki za ujenzi katika mashamba mengi, na zaidi ya ekari 100,000 sasa haziwezi kugeuzwa mitaa. Miaka ya 1970 barabara kuu mpya ilianza kuchongwa mashariki mwa Lancaster, ikakwama. Udongo uliosawazishwa ulipandwa nyasi, wenyeji wakaiita "njia ya mbuzi". Pendekezo la kuifufua lilipotolewa miaka ya 1980, Waamishi, ambao kwa kawaida hujitenga na siasa, walijitokeza kwa wingi kulipinga.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Lancaster si mbali kama inavyodhaniwa. Mwaka wa 1934, Wamennonite wa kaunti hii, walio binamu wa Waamishi kiimani, walituma wamishonari Shirati, Mara, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania ya leo. Kanisa la Mennonite Tanzania lilizaliwa huko, kisha imani hiyo ikavuka mpaka na kuingia Nyanza. Mjini Lancaster kwenyewe wamepokelewa wakimbizi wengi, wakiwemo wa kutoka Somalia na Kongo, hivi kwamba si ajabu kusikia Kiswahili kikizungumzwa dukani.

Mkenya anahitaji viza ya Marekani. Akishafika, gari la kukodi ni la lazima vijijini, na lazima liendeshwe kwa uangalifu. Kigari cha farasi huenda kilomita 15 hivi kwa saa, na baada ya kilele cha kilima unaweza kukikuta mbele yako ghafla. Kibao cha pembetatu cha rangi ya machungwa nyuma yake kinaonya kwamba ni chombo cha mwendo wa pole. Punguza kasi, usipige honi, kwani farasi hushtuka. Miezi ya Mei hadi Oktoba ndiyo ya kijani na mavuno. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba huwa msimu wa harusi, ambazo kwa desturi hufanyika Jumanne na Alhamisi, na bustani yenye safu nyingi za seleri ni ishara kwamba kuna binti anayeolewa.

Jumapili maduka ya Waamishi hufungwa yote. Mtalii anayepita siku hiyo ataona vigari thelathini au zaidi vimepangwa katika ua wa nyumba moja, na farasi wamefungwa kando. Hiyo ni ibada, ambayo huchukua saa tatu, na si mahali pa kusimamisha gari.